Alama za Darasani na Nyota za Mabegani: Chuo cha Kijeshi Hupimwa kwa Kitu Gani?

Siku ya kutunukiwa kamisheni ni siku ya furaha katika kila nchi. Iwe Monduli, iwe Kabamba, iwe Lanet au Gako, mambo huwa ni yale yale: bendi hupiga, vijana hupita mbele ya jukwaa kwa hatua moja, wazazi walioketi juani hunyoosha shingo ili kila mmoja amtambue wake, na kijana aliyeamka alfajiri akiwa mwanafunzi hulala usiku akiwa ofisa. Picha hupigwa. Mama hufuta machozi kwa ncha ya kanga, na baba hujikaza asionekane kuwa naye analia.

Lakini mbali na uwanja huo, pengine katika kambi ya mpakani, yuko mtu mwingine ambaye sherehe hiyo inamhusu zaidi kuliko anavyojua. Huyo ni askari mwenye miaka kumi na miwili kazini, mwenye mke na watoto katika nyumba za kambi, ambaye baada ya wiki chache atapokea amri kutoka kwa luteni usu huyo mwenye umri wa mdogo wake wa mwisho. Luteni akiisoma ramani vibaya, askari ndiye atakayetembea usiku kucha kuelekea pasipopasa. Luteni akiandika uongo katika hesabu ya posho, nyumba ya askari ndiyo itakayokosa unga. Na luteni akitafuta sifa palipotakiwa busara, mjane ndiye atakayeletewa habari mlangoni.

Kwa hiyo, swali la kama chuo cha kijeshi kimefundisha au hakikufundisha si la wakufunzi na wakaguzi peke yao. Ni swali linaloingia mpaka jikoni. Na hapo ndipo ugumu unapoanza. Maana chuo huweza kusema kwa usahihi nani alipata alama ngapi, lakini alama hizo zilitolewa darasani, na kazi yenyewe hufanywa mahali pengine, miaka mingi baadaye, mbele ya watu ambao hawakuulizwa chochote siku ya mtihani.

Miongoni mwa vyuo vya kijeshi vilivyojipima kwa muda mrefu na kuacha kumbukumbu nyingi ni kile cha Jeshi la Marekani, West Point. Makosa yake na mafanikio yake yameandikwa kwa majina, kwa tarehe na kwa hesabu. Yafaa yatazamwe kwa utulivu, kwa kuwa mwenye busara hujifunza pia kwa nyumba ya jirani.

UBAO, CHAKI NA ALAMA YA KILA SIKU

Chuo cha West Point kimejengwa juu ya mto Hudson, kilometa 80 hivi kaskazini ya jiji la New York. Kilianzishwa kwa sheria iliyotiwa saini na Rais Thomas Jefferson tarehe 16 Machi, 1802. Miaka yake ya mwanzo haikuwa na utaratibu. Wanafunzi waliingia wakiwa na umri mbalimbali, wengine karibu watoto, wengine watu wazima. Na hapakuwa na njia thabiti ya kujua nani amejifunza nini.

Mtu aliyeleta utaratibu ni Sylvanus Thayer, aliyekuwa Mkuu wa Chuo tangu 1817 hata 1833. Kabla ya hapo alikuwa ametumwa Ulaya kutazama shule za kijeshi, hasa za Ufaransa, akarudi na shehena ya vitabu ipatayo elfu moja. Aliligawa kila darasa katika vikundi vidogo vya wanafunzi kumi na wawili au zaidi kidogo. Kila mwanafunzi alitakiwa kusoma somo lake usiku, na siku ya pili kusimama mbele ya ubao na kulieleza kwa kinywa chake. Ubao na chaki, vitu ambavyo leo vinaonekana vya kawaida kabisa, vilikuwa vigeni katika nchi ile. Mmoja wa waliovitumia mwanzoni alikuwa Claudius Crozet, Mfaransa aliyepata kutumikia katika jeshi la Napoleon, naye alifundisha jometri.

Kila jibu lilipewa alama, tangu sifuri hadi tatu. Alama zilijumlishwa kila wiki na kupelekwa kwa Mkuu wa Chuo. Aliyepanda alihamishiwa kikundi cha wenye nguvu. Aliyeshuka alirudishwa nyuma. Mwenendo nao ulihesabiwa: kifungo kilicholegea, kuchelewa kwenye foleni, chumba kichafu, vyote vilikuwa na alama zake za makosa. Mwisho wa miaka minne hesabu zote ziliunganishwa ikapatikana orodha moja, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Orodha hiyo iliamua mengi. Wa juu walipelekwa katika kikosi cha wahandisi, kilichokuwa na heshima kubwa. Wa chini waliishia askari wa miguu au wapanda farasi.

Si haki kuudharau utaratibu huo. Kwanza, ulifunga mlango wa upendeleo kwa kiasi kikubwa, kwa sababu mtoto wa tajiri na mtoto wa mkulima walisimama mbele ya ubao ule ule. Pili, uliizalia nchi mafundi. Katika nusu ya kwanza ya karne ya kumi na tisa, wahitimu wa West Point walipima njia za reli, wakachimba mifereji na kuimarisha bandari. Mmoja wao, George Washington Whistler, aliyehitimu 1819, alialikwa hata Urusi kusaidia ujenzi wa reli ya kuunganisha Moscow na St. Petersburg. Tatu, vita vya Marekani na Meksiko vya 1846 hadi 1848 vilipokwisha, Jenerali Winfield Scott, ambaye mwenyewe hakusoma katika chuo hicho, alikiri kwamba bila maofisa wale vita vingechukua miaka mingi zaidi.

Basi, kama swali lingekuwa ni kujua hesabu, kuchora ramani na kujenga ngome, jibu lilikwisha kupatikana. Chuo kilifundisha, na alama zilisema kweli.

ORODHA ILIPOKWENDA VITANI

Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka Marekani, na orodha za West Point zikatiwa katika mizani nyingine. Katika mapigano makubwa 60 ya vita hivyo, 55 yaliongozwa pande zote mbili na wahitimu wa chuo hicho kimoja, na yale matano yaliyobaki yaliongozwa nao kwa upande mmoja. Hakuna mtihani mkubwa kuliko huo. Walioketi kwenye benchi moja walielekezeana mizinga.

Hapo ndipo ilipoonekana kwamba orodha ilisema kweli nusu tu. Robert E. Lee alikuwa wa pili katika darasa la 1829, akamaliza miaka minne bila alama moja ya kosa. Naye alikuwa jemadari hodari wa upande wa Kusini. Kwake yeye, darasa na uwanja wa vita vilipatana katika ustadi. Lakini Lee huyo huyo, aliyelishwa na kusomeshwa na taifa, alikwenda kupigana dhidi ya taifa hilo. Wabunge wengi wa Kaskazini waliuliza wakati ule: ni elimu gani hiyo inayomfundisha mtu kulinda kila kitu isipokuwa nyumba iliyomlea?

George McClellan alikuwa wa pili kati ya 59 mwaka 1846. Alijua kupanga jeshi, kulivika, kulilisha na kulifundisha gwaride. Askari wake walimpenda. Lakini ilipofika saa ya kuamua alisita. Kila mara alihesabu maadui wengi kuliko waliokuwapo. Na Rais Abraham Lincoln akamwondoa Novemba 1862. Aliyekuja kuvimaliza vita ni Ulysses S. Grant, wa 21 kati ya 39 katika darasa la 1843, mwanafunzi wa katikati ambaye sifa yake kubwa chuoni ilikuwa kupanda farasi. Tarehe 9 Aprili, 1865, huko Appomattox, wa pili wa 1829 alijisalimisha kwa wa 21 wa 1843.

Msomaji asiharakishe kusema kuwa basi aliye nyuma ndiye bora. Mwaka 1861 wa mwisho kabisa kati ya wahitimu 34 alikuwa George Custer. Alikuwa shujaa bila shaka, na kwa ushujaa huo alipewa cheo cha jenerali akiwa na umri wa miaka 23. Lakini yale yale yaliyomweka mkiani, yaani kudharau amri na kutopenda kupima jambo kabla ya kulitenda, hayakumtoka. Tarehe 25 Juni, 1876, kwenye mto Little Bighorn, aliwagawa askari wake akashambulia kambi kubwa ya Wahindi Wekundu wa makabila ya Lakota na Cheyenne bila kujua idadi yao. Yeye na zaidi ya watu 200 waliokuwa pamoja naye hawakutoka hata mmoja.

Habari hizo ziliwafikia wake wa askari katika ngome ya Abraham Lincoln kwa meli ya mtoni iliyoleta majeruhi, usiku wa tarehe 5 Julai. Kabla ya jua kuchomoza maofisa waliobaki walikwenda nyumba kwa nyumba. Mke wa Custer mwenyewe, aliyekuwa ameambiwa kwanza, alifuatana nao ili awe pamoja na wajane wenzake. Kati ya milango iliyobishwa asubuhi hiyo hakuna hata mmoja ulioulizwa, miaka kumi na mitano nyuma, kama kijana yule wa mwisho katika orodha alifaa kuongoza watu.

ALIYEFAULU NA WALIOFELI

Lipo jambo jingine ambalo alama hazikuliona. Mwaka 1873 aliingia West Point kijana mweusi aliyezaliwa utumwani huko Georgia, jina lake Henry O. Flipper. Kwa miaka minne wenzake walikataa kuzungumza naye isipokuwa kwa lazima ya kazi. Alikula nao, alisimama nao kwenye gwaride, alijibu mbele ya ubao ule ule, lakini jioni alikuwa peke yake. Mwaka 1877 alihitimu akiwa wa 50 kati ya 76, ofisa wa kwanza mweusi kutoka katika chuo hicho.

Kwa vitabu vya chuo, mtihani ulikuwa umekwisha: Flipper amefaulu, na 75 wengine wamefaulu. Lakini je, kweli wote walifaulu? Kijana anayeweza kukaa miaka minne bila kumpa salamu mwenzake, kwa sababu ya rangi tu, amejifunza nini juu ya kuongoza watu? Flipper mwenyewe alifukuzwa jeshini 1882 baada ya kushtakiwa katika mahakama ya kijeshi. Jeshi lilikuja kuisahihisha hati yake 1976, na Rais Bill Clinton akamsamehe rasmi 1999, alipokuwa amekwisha kufa miaka 59. Wahenga walisema muungwana ni vitendo. Katika darasa lile vitendo havikuwa na safu ya alama.

Ilichukua muda mrefu chuo kukubali kwamba mambo ya namna hiyo nayo ni masomo. Mwanamke wa kwanza aliingia mwaka 1976. Waliingia 119, na 1980 wakahitimu 62. Safari hii wakuu hawakungoja miaka mia moja. Tangu mwanzo walifanya uchunguzi wa mwaka hadi mwaka kuangalia wasichana wale walivyopokewa, walivyomudu mafunzo na kwa nini wengine waliondoka. Hilo lenyewe lilikuwa hatua, kwa sababu chuo kilianza kujiuliza swali lililomhusu chenyewe badala ya kumwuliza mwanafunzi peke yake.

NYUMBA YA WATAWA YAFUNGULIWA MLANGO

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, chuo kilipata Mkuu kijana, Douglas MacArthur, aliyekuwa wa kwanza katika darasa lake la 1903. Huyu alikuwa ametoka Ufaransa, ambako aliona jambo moja wazi: ofisa wa vita vipya hakuongoza tena jeshi dogo la watu wa kazi, bali maelfu ya raia waliovishwa sare, wakulima na makarani, watu wenye kuuliza maswali. Kijana aliyefungiwa miaka minne kama mtawa, akijua jometri lakini asijue watu, asingeweza kuwaongoza.

Kati ya 1919 na 1922 MacArthur alijaribu kuufungua mlango. Aliiondoa kambi ya kiangazi iliyokuwa zaidi ya dansi kuliko mafunzo, akawapeleka wanafunzi kwenye kambi ya jeshi la kawaida wakafundishwe pamoja na askari na masajini. Aliwalazimisha wote kushiriki michezo. Aliingiza masomo ya historia ya kisasa na mambo ya jamii, na akawataka wakufunzi wakatazame vyuo vya kiraia vinavyofundisha. Maprofesa wazee walimpinga vikali. Mengi katika mageuzi yake yalirudishwa nyuma alipoondoka. Lakini polepole, mwaka hadi mwaka, chuo kilikuja kufuata njia ile ile.

Katika kisa hicho limo funzo kwa kila anayekagua shule. Walioufahamu upungufu wa elimu ile hawakuwa walioketi ndani wakijumlisha alama. Aliyeufahamu ni mtu aliyekwenda nje, akaona kazi inavyofanyika, kisha akarudi na swali.

KIPIMO KINAPOGEUKA MTEGO

Kila kipimo kikitiliwa mkazo kupita kiasi huanza kuharibu kile kinachopimwa. West Point wana kanuni ya heshima inayomkataza mwanafunzi kusema uongo, kudanganya na kuiba, na kumvumilia mwenzake afanyaye hayo. Hata hivyo, mwaka 1951 wanafunzi wapatao 90 waliondolewa kwa udanganyifu katika mitihani, wakiwamo wachezaji wengi wa timu ya kandanda ya Kimarekani. Ilidhihirika kuwa mtihani ule ule ulikuwa ukitolewa kwa nusu ya wanafunzi leo na kwa nusu nyingine kesho. Chuo kiliamini kwamba heshima ingekuwa ukuta wa kutosha kati ya siku hizo mbili.

Mwaka 1976 jambo lilijirudia kwa ukubwa zaidi. Wanafunzi wa mwaka wa tatu walipewa kazi ya uhandisi wa umeme waifanye vyumbani, kila mmoja peke yake. Majibu yalipofanana mno uchunguzi ukaanza, na zaidi ya wanafunzi 150 wakaondoka. Tume iliyoongozwa na Frank Borman, mwanaanga aliyehitimu hapo hapo 1950, iliandika Desemba mwaka huo kwamba waliodanganya walikosa, lakini chuo nacho kilikuwa na sehemu yake ya lawama. Elimu ya maadili ilikuwa haitoshi, na kanuni ya heshima ilikuwa imegeuzwa chombo cha kulinda taratibu za kila siku. Waliofukuzwa walipewa nafasi ya kurudi baada ya mwaka mmoja, na wengi walirudi. Punde baadaye, mnamo 1978, desturi ya kuwataja wahitimu kwa kufuata orodha toka wa kwanza hadi wa mwisho iliachwa, wakatajwa kwa herufi za majina yao.

Wala ugonjwa haukupona daima. Mei 2020, wakati wanafunzi walipokuwa wametawanyika kwa ajili ya maradhi ya korona, zaidi ya 70 walishukiwa kudanganya katika mtihani wa hisabati walioufanyia mbali na chuo.

Mzazi anayesoma habari hizi asidhani ni mambo ya watoto wa shule. Ofisa ataandika taarifa nyingi maishani mwake: idadi ya waliopo kwenye foleni, mafuta yaliyotumika, bunduki zilizomo ghalani, doria iliyokwenda na kurudi. Jemadari aliye mbali huamua kwa kuamini karatasi hizo. Anayejifunza chuoni kwamba namba nzuri ni bora kuliko namba ya kweli atafika kazini na elimu hiyo hiyo, naye atawafundisha walio chini yake.

MIZANI ZA SIKU HIZI

Katika miaka ya karibuni wataalamu wa saikolojia na uchumi wameingia West Point wakiwa na njia mpya za kupima. Mwaka 2004 Angela Duckworth na wenzake waliwauliza wanafunzi wapya 1,218 maswali machache juu ya ustahimilivu wao, yaani tabia ya kuling'ang'ania jambo mpaka likamilike. Kisha wakangoja kuona nani atavumilia wiki za mwanzo za mafunzo makali ya kiangazi. Ilionekana kwamba ustahimilivu ulibashiri nani atabaki vizuri zaidi kuliko jumla kubwa ya alama ambayo chuo huitumia kuchagua waombaji.

Lakini uchunguzi mpana zaidi uliochapishwa 2019, wa wanafunzi zaidi ya 11,000 katika muda wa miaka kumi, ulirekebisha mizani. Ustahimilivu ulisaidia kubashiri nani atamaliza kiangazi cha kwanza. Hata hivyo, wepesi wa akili ndio uliobashiri vema alama za darasani. Kila kipimo, basi, kina kazi yake, na hakuna kimoja kinachotosha.

Mwaka 2014 Amy Wrzesniewski na Barry Schwartz pamoja na wenzao walitoa matokeo juu ya sababu zilizowaleta vijana chuoni. Walifuatilia zaidi ya vijana 10,000. Wengine walikuwa wamekuja kwa kupenda uongozi wenyewe na kazi ya jeshi. Wengine kwa ajili ya shahada, cheo au mshahara mzuri wa baadaye. Wengine kwa yote mawili. Ingedhaniwa kuwa mwenye sababu mbili atakuwa na nguvu mara mbili. Haikuwa hivyo. Wale wenye upendo wa kazi peke yake walielekea zaidi kupata kamisheni, kupandishwa cheo mapema na kubaki jeshini baada ya muda wa lazima. Walipochanganya na tamaa ya faida za nje, nguvu hiyo ilipungua.

Hata vifaa vya darasani vimepimwa. Katika somo la uchumi baadhi ya vikundi viliruhusiwa kutumia kompyuta darasani na vingine vikakatazwa. Matokeo yaliyotolewa 2017 yalionyesha kwamba waliokatazwa walifanya vizuri zaidi katika mtihani wa mwisho. Ubao wa Thayer, baada ya miaka mia mbili, haujaaibika.

Chuo chenyewe siku hizi humpima mwanafunzi katika masomo, katika kazi za kijeshi, katika mwili na katika tabia. Na jambo lililo kubwa zaidi ni kwamba baada ya miaka kadhaa huwauliza wahitimu wenyewe, pamoja na makamanda wao huko vikosini, kama elimu ile imefaa kitu.

TAHADHARI KWA WAPENDA HESABU

Hata hivyo, yafaa kuwa na tahadhari. West Point hujivunia darasa la 1915, ambamo kati ya wahitimu 164 walitoka majenerali 59, akiwamo Dwight Eisenhower, aliyekuwa wa 61, na Omar Bradley, aliyekuwa wa 44. Je, wakufunzi wa miaka ile walikuwa mahodari kupita wa miaka mingine? Pengine; lakini ni wazi pia kwamba Vita Kuu ya Pili vilipoanza, vijana wale walikuwa na umri na utumishi uliowafaa vyeo vya juu, wakati jeshi lilipohitaji majenerali wengi kwa mara moja. Chuo kikihesabu nyota za wahitimu wake kinaweza kuwa kinahesabu bahati.

Tena, hapana budi kuwatazama wale ambao hawakupita hapo. George Marshall, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi ya Nchi Kavu wakati wa vita hivyo, alihitimu chuo cha kijeshi cha jimbo la Virginia mwaka 1901. Colin Powell, aliyefikia kuwa mkuu wa majemadari wote wa Marekani mwaka 1989, alipata kamisheni yake 1958 kwa mafunzo ya akiba yaliyotolewa katika chuo cha kiraia jijini New York, ambako alikuwa akisoma jiolojia. Chuo kinachotaka kujua thamani yake hakina haki ya kujilinganisha na nafsi yake tu. Lazima kiulize: je, maofisa waliopitia njia nyingine, na wale waliopanda kutoka safu za askari, wanafanyaje kazi ile ile?

ANAYEONGOZWA NDIYE MTAHINI

Yote hayo yakikusanywa, jambo moja hujitokeza. Chuo cha kijeshi huweza kupima ndani ya lango lake yale yanayopimika haraka: hesabu, ramani, mbio, shabaha, kifungo kilichong'arishwa. Hayo ni ya lazima, na anayeyadharau atafanana na Custer. Lakini ujasiri wa kuamua bila kusita, ukweli katika taarifa, kumheshimu aliye mnyonge na kumjali askari wa mwisho kwenye foleni, hayo huonekana vikosini, na mashahidi wake ni wale wanaoongozwa.

Kwa hiyo, mkaguzi anayetaka kujua kama chuo kimefundisha asiishie kwenye ofisi ya mitihani. Na aende kambini baada ya miaka mitatu. Amwulize sajini kama luteni huyo huuliza asichokijua au hujifanya anajua. Amwulize koplo kama ofisa hula baada ya askari wake kula. Aitazame hesabu ya ghala. Apite kwenye nyumba za kambi asikie kama mama aliyefiwa na mtoto aliruhusiwa mumewe kuja mazishini siku ile ile, au alingojeshwa saini.

Na mzazi ambaye mwanawe anajiandaa kwenda chuo cha namna hiyo, yapo mambo yaliyo katika uwezo wake tangu sasa. Ampe kijana kazi ndefu yenye kuchosha na amwachie aimalize mwenyewe. Asimsifu kwa namba moja darasani bila kutazama namba hiyo imepatikanaje. Amwulize kwa upole kwa nini anautaka uofisa, na asiliite jibu la mshahara kuwa dhambi, ila amsaidie kupata jibu jingine lililo zito zaidi. Samaki hukunjwa angali mbichi, na mengi katika yale ambayo chuo hujitahidi kuyapima huwa yamekunjwa nyumbani kabla ya siku ya kuripoti.

Bendi itakapopiga tena na vijana wakapita mbele ya jukwaa, ni haki kushangilia. Ila matokeo ya mtihani huo yatakuwa bado hayajatoka. Yatatoka polepole, katika kambi za mbali, usiku wa doria na asubuhi ya malipo. Na atakayeyasoma kwanza ni yule askari mwenye miaka kumi na miwili kazini, pamoja na mke anayemngoja nyumbani.